MGB: gari linalotaka dereva mwenye masikio

Kabla ya kugusa starta ya MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, geuza ufunguo nusu na usubiri. Upande wa kulia, mbele kidogo ya akseli ya nyuma, pampu ya petroli ya kampuni ya SU itaanza kugonga: haraka mwanzoni, kisha polepole, kisha kimya. Kimya hicho ni habari njema, maana yake chemba za kabureta zote mbili zimejaa. Pampu ikiendelea kugonga bila kukoma, petroli imekwisha tangini, au kuna mpira uliopasuka unaovuta hewa, au sindano ya boya kwenye kabureta imekwama na petroli inamwagika chini ya boneti. Isipogonga kabisa, mara nyingi pointi zake za ndani zimeungua au waya wake wa athi (wa kurudisha umeme kwenye bodi) umeshika kutu. Ipige kidogo kwa kitako cha bisibisi; ikiamka, itakufikisha nyumbani, lakini siku zake zimehesabika.

Waliozoea magari haya ya michezo ya Kiingereza ya miaka ya 60 na 70 ukiwauliza wanakumbuka nini, wengi hawataji mwendo. Wanataja sauti, mtetemo wa usukani, harufu ya oili ya moto, na jinsi marekebisho ya dakika ishirini yanavyosikika kwenye mguu kesho yake barabarani. Naliandika hili kwa sababu magari haya yamechafuliwa jina kuwa ni mabovu kwa asili. Si kweli. Ni magari yanayotoa taarifa mapema kabla hayajaharibika, na nusu ya raha ya kuyaendesha ni kuzielewa taarifa hizo.

MGB ilizinduliwa mwaka 1962 kuchukua nafasi ya modeli iliyotangulia, MGA. Ilijengwa Abingdon, mji mdogo kusini mwa Oxford, hadi Oktoba 1980, na kwa jumla yalitoka zaidi ya magari 500,000, ya wazi na yale ya GT yenye paa la chuma yaliyoanza 1965. Injini ni ya familia ya B-Series: silinda 4, ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, chuma cha kalibu juu hadi chini, nguvu farasi 95. Ndugu zake wadogo walikuwa ndani ya Morris Oxford na Austin Cambridge, kwa hiyo fundi wa Nairobi au Dar es Salaam aliyeshika magari hayo enzi zile angefungua boneti ya MGB na kujikuta nyumbani. Hadi mwaka 1964 krankishafti, yaani mhimili mkuu wa injini, ilishikwa na beringi kuu 3, baadaye 5. Ya beringi 3 huzunguka kwa wepesi zaidi na kuna wanaoipenda kwa hilo, ila ya 5 ndiyo inayovumilia safari ndefu.

Kuwasha asubuhi ya baridi kuna taratibu zake. Vuta choki (kitasa cha kuongeza petroli injini ikiwa baridi) hadi mwisho, izungushe kidogo ijifunge, piga starta bila kukanyaga mafuta. Injini ikishika, rudisha choki nusu, na macho yaende kwenye geji ya oili kabla ya kitu kingine. Ikiwa baridi itapanda hadi shinikizo la karibu psi 60 au zaidi. Ikishapata moto, barabarani isome kati ya 50 na 80, na ikisimama kwenye taa isishuke chini ya 10. Usiiache injini ingurume palepale kwa robo saa kama wanavyofanya wengi. Petroli ya choki huosha oili kwenye kuta za silinda, na kamshafti (mhimili unaofungua valvu) inapata oili kidogo kwenye mzunguko mdogo. Ondoka mara moja, endesha kwa upole chini ya mizunguko 2,500 kwa dakika mpaka joto lifike kati, na sukuma choki ndani kila inapowezekana. Dereva anayesahau choki ikiwa nje huiona plagi imekuwa nyeusi kama masizi ndani ya wiki moja.

Oili yenyewe iwe 20W-50 yenye zinki ya kutosha, kwa sababu tapeti (vipande vinavyosukumwa ili kufungua valvu) za injini hii zinasuguana moja kwa moja na kamshafti. Oili nyembamba za magari ya leo humaliza kamshafti kimyakimya. Inaingia kama lita 4.5 ukibadili na filta. Giaboksi pia hutumia oili hiyohiyo ya injini. Ukimimina oili nzito ya gia, ile yenye viungo vya shinikizo kali, utaharibu pete za shaba za kulinganisha mwendo, na ovadraivu (kifaa kinachopunguza mzunguko wa injini kwenye mwendo mrefu) itaanza kuteleza.

Magari ya kabla ya mwisho wa 1967 hayana kilinganishi, yaani pete ya kulinganisha mwendo, kwenye gia ya kwanza. Ukitaka kushuka kutoka ya pili kwenda ya kwanza gari likiwa bado linatembea, ni lazima ukanyage klachi mara mbili. Kanyaga klachi, toa gia weka frii, achia klachi, gusa mafuta kidogo injini ipande, kanyaga klachi tena, kisha sukuma gia ndani kwa vidole bila nguvu. Mwendo na mzunguko vikilingana, gia inaingia yenyewe. Visipolingana, itakwaruza, na kila mkwaruzo ni unga wa chuma ndani ya oili yako. Mwanzoni mguu na mkono vinagombana, baadaye vinaelewana, na ukishazoea utashusha gia hivyo hata kwenye magari ambayo hayahitaji. Gari likiwa limesimama kabisa na gia ya kwanza imegoma, pitia ya pili kwanza, halafu rudi ya kwanza.

Mguu wa kushoto usikae juu ya pedali ya klachi hata kidogo. Beringi ya kuachilia klachi ya MGB ni kipande cha grafaiti kinachosuguana na bamba. Kinaisha haraka dereva akipumzisha mguu, na kukibadilisha lazima injini itolewe.

Ovadraivu ya Laycock ni kitu ninachokisifu bila kusita. Bila hiyo, gia ya nne inatoa kama maili 18 kwa saa kwa kila mizunguko 1,000. Kwenye barabara kuu ya Uingereza, kwa kikomo cha maili 70, injini inazunguka karibu 3,900 na inapiga kelele saa nzima. Ukigusa swichi, mzunguko unashuka hadi kama 3,200, kelele inakatika na mkono wa geji ya petroli unaacha kukimbia. Kwa magari mengi inafanya kazi kwenye gia ya tatu na ya nne, kwa hiyo kwenye vilima vya Wales una gia sita za kuchezea, na ile ya tatu yenye ovadraivu ndiyo tamu kuliko zote kwa kona zinazofuatana. Ikigoma, usikimbilie kufungua giaboksi. Angalia kwanza kiwango cha oili. Pili, angalia viunganishi vya waya vyenye umbo la risasi chini ya gari, vinashika kutu. Tatu, swichi iliyo kwenye mfuniko wa giaboksi, ambayo wasaa mdogo tu unaifanya isiguswe na fimbo ya gia. Na kama ovadraivu imegoma kuachia, gari lisirudishwe nyuma kwa hali yoyote. Klachi ya upande mmoja iliyo ndani itavunjika, na hapo bili ni nyingine kabisa.

Sasa kabureta. Ni SU mbili, aina ya HS4 kwenye magari ya hadi mwanzoni mwa miaka ya 70, na hakuna sehemu ya gari hili inayofundisha zaidi. Ndani ya chemba yenye umbo la kengele kuna pistoni inayopandishwa na uvutaji wa injini yenyewe. Chini ya pistoni kuna sindano nyembamba inayoingia kwenye tundu la petroli. Injini ikitaka hewa zaidi, pistoni inapanda, sindano nayo inapanda, na kwa kuwa imechongoka, nafasi ya petroli inaongezeka kwa kipimo. Aliyewahi kufungua Morris Minor ameiona hiyo, isipokuwa pale ilikuwa moja.

Juu ya kila kengele kuna kifuniko kidogo chenye fimbo. Kifungue, tazama bomba lililo wazi katikati. Oili ya injini iwe milimita 13 hivi juu ya ukingo wa bomba hilo. Kazi yake ni kuzuia pistoni isiruke ghafla unapokanyaga mafuta. Ikikauka, gari linakohoa na kusita kila ukikanyaga, halafu linashika. Watu wamebadilisha plagi, koili na waya zote kwa dalili hiyo, kumbe kilichotakiwa ni kijiko cha oili.

Kuzilinganisha kabureta mbili kuna mpangilio ambao haupindwi. Kwanza tapeti, kisha pointi za distribyuta (kigawa umeme wa plagi), kisha taimingi (wakati wa kutoa cheche), na kabureta mwisho kabisa. Kabureta nyingi hulaumiwa kwa kosa la distribyuta. Injini ikiwa na moto kamili, toa filta za hewa, legeza vibano vya fito zinazounganisha kabureta hizo ili kila moja isimame peke yake. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma, mahali palepale na umbali uleule. Zungusha skrubu za mafuta hadi mvumo ulingane na injini itulie kwenye mizunguko 700 hadi 800. Sikio la binadamu ni zuri sana kwa kazi hii.

Halafu mchanganyiko. Chini ya kila kabureta kuna nati ya pembe sita. Ipandishe hadi tundu la petroli liwe sawa na sakafu ya njia ya hewa, kisha ishushe pembe 12, yaani mizunguko miwili. Huo ndio mwanzo. Kupandisha kunapunguza petroli, kushusha kunaongeza. Geuza pembe moja moja, kabureta zote mbili sawasawa, mpaka injini izunguke haraka kuliko pote na kwa utulivu. Sasa inua pistoni ya kabureta moja kwa kijipini chake cha chini, si zaidi ya milimita 1. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ukishuka papo hapo na injini ikataka kuzima, petroli ni chache. Ukipanda kidogo kwa sekunde moja kisha ukarudi, uko sawa. Kaza vibano, hakikisha zote mbili zinaanza kufunguka pamoja mguu ukigusa pedali, na usikilize tena kwa mizunguko 1,500.

Kama hata baada ya hapo mzunguko unapanda na kushuka wenyewe, chunguza fito za valvu za hewa. Zikiwa zimelika, hewa inapenya pembeni na hakuna nati itakayoponya hilo. Dawa ni kuweka bushi mpya.

Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, nafasi ya inchi 0.015, yaani milimita 0.38. Kumbukumbu rahisi ni namba 9: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1, ya 7 ikifunguka, rekebisha ya 2, na kuendelea, jumla iwe 9 daima. Shikilia skrubu kwa bisibisi huku ukikaza nati kwa spana, kwa sababu nati ikikazwa huivuta skrubu na kipimo kinaharibika. Mkono wa roka, ule unaosukuma valvu, ukiwa umechimbika, bamba la kupimia litapita juu ya shimo na kukudanganya, ndipo utasikia mgongano wa chuma hata baada ya kurekebisha. Tapeti inayolia kidogo ni salama. Tapeti iliyobana na kunyamaza ndiyo inayounguza valvu.

Hilo lina uzito zaidi tangu madini ya risasi yalipoondolewa kwenye petroli, Uingereza mwanzoni mwa mwaka 2000 na Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006. Risasi ilikuwa ikilinda viti vya valvu za ekzosi. Bila hiyo, na kwa mwendo mkali wa muda mrefu, valvu inajichimbia kwenye kichwa cha chuma na nafasi ya tapeti inapungua yenyewe. Ukikuta tapeti zile zile za ekzosi zimebana kila ukipima, kichwa kinahitaji viti vigumu vya kisasa. Na tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida ya Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10. Mipira ya zamani inalainika na kupasuka kwa ndani. Badilisha mipira yote kwa ile inayostahimili ethanoli, kwa sababu kwenye MGB kabureta ziko juu ya ekzosi upande uleule wa injini, na petroli inayodondoka pale haidondoki mahali pazuri.

Kwenye distribyuta, nafasi ya pointi ni inchi 0.015 na plagi 0.025. Shida kubwa ya leo ni vipuri vipya vibovu. Kondensa ya bei rahisi inafanya kazi vizuri ikiwa baridi, halafu gari linaanza kumisi baada ya kilomita kadhaa, linazima, ukisubiri nusu saa linawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Rota nazo: zile zenye ribiti ndefu katikati hupitisha umeme hadi kwenye fito na kuzima injini ghafla. Nunua isiyo na ribiti, na weka nyingine ya akiba kwenye buti pamoja na kondensa ya zamani iliyothibitika kuwa nzima.

Umeme wa kampuni ya Lucas umetukanwa kuliko haki yake. Waya zenyewe hudumu, kinachokufa ni viunganishi na athi. Jifunze rangi na utakuwa umemaliza nusu ya kazi: kahawia hutoka kwenye betri moja kwa moja bila fyuzi, nyeupe huja ufunguo ukiwashwa, kijani ni ufunguo kupitia fyuzi, zambarau ni umeme wa kudumu kupitia fyuzi, bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni athi. Taa ikififia, usibadilishe balbu, fuata waya mweusi hadi mwisho wake, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, kaza.

Kuna waya mmoja wa athi wenye visa vyake: utepe mnene unaounganisha injini na bodi. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo bila utepe huo haina njia ya kurudisha umeme. Fundi akiusahau baada ya kurudisha injini, umeme mkubwa wa starta utatafuta njia nyingine, na njia iliyopo ni waya wa choki au wa mafuta. Starta itazunguka kwa uchovu, na waya wa choki utakuwa wa moto mpaka ganda lake litoe moshi. Ukiuona moshi kwenye dashibodi wakati wa kuwasha, tazama hapo kwanza.

Magari ya hadi 1967 athi yake ni upande wa chanya. Anayefunga redio ya kisasa au altaneta bila kulijua hilo huunguza vitu ndani ya sekunde. Betri zilikuwa mbili za volti 6 nyuma ya viti hadi 1974, mahali ambapo hakuna anayezikumbuka mpaka asidi imekula trei. Wengi sasa huweka moja ya volti 12 upande mmoja, na naona ni uamuzi mzuri.

Joto la injini lina lugha nyepesi. Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa likitembea, tatizo ni hewa au taimingi. Likiwa zuri mjini na kuchemsha baada ya mwendo mrefu, rejeta imeziba ndani. Usiondoe thamostati ukidhani unasaidia. Weka ya digrii 82, na tumia maji yenye dawa ya rejeta hata katika nchi ya joto, kwani kazi yake nyingine ni kuzuia kutu kwenye chuma cha kalibu.

Tuje kwenye usukani, ambako ndiko kumbukumbu nyingi zinakaa. MGB ina usukani wa meno na fito, mwepesi kiasi na mkweli, bila msaada wa haidroliki. Unasikia kokoto. Lakini ukweli huo unategemea grisi. Kila upande wa mbele kuna chuchu tatu za grisi za kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia), na ratiba ya kiwanda ilikuwa kila maili 3,000. Inua magurudumu yaning'inie kabla ya kupiga grisi, vinginevyo haifiki juu kwenye sehemu inayobeba uzito, na endelea mpaka grisi safi itoke. Usukani unaokuwa mzito na usiorudi wenyewe katikati baada ya kona ni kingpini zinazolia njaa, na zikikwama kabisa zinaweza kuvunjika.

Shokapu za Armstrong ni za mkono, zimejaa oili, na zile za mbele mkono wake ndio unaoshika gurudumu kwa juu. Zikivuja, gari linaendelea kudunda baada ya tuta. Kuziongeza oili ni hatua ya kwanza. Zikivuja tena, zinapelekwa kukarabatiwa.

Tairi asili ni nyembamba, za milimita 155 au 165, upepo psi 21 mbele na 24 nyuma. Kuna tamaa ya kuweka pana, na tamaa hiyo inaua kitu kizuri. Kwa tairi nyembamba, gari lenye uzito chini ya tani moja linaanza kuteleza taratibu, kwa mwendo wa kawaida, na linakuarifu mapema kupitia kiti na usukani. Kwenye kona, funga breki ukiwa umenyooka, shusha gia, ingia na mguu mwepesi juu ya mafuta, halafu uongeze kidogo kidogo kadiri usukani unavyonyooka. Nyuma ina akseli moja na springi za majani, kwa hiyo ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona yenye mashimo, mkia unaruka pembeni. Breki za mbele ni diski na za nyuma ngoma. Nyingi za miaka ya 60 hazina sevo (kisaidizi cha nguvu ya breki), zinataka mguu mzito lakini hazidanganyi. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine baada ya safari, shuku mpira wa breki uliovimba ndani: unapitisha shinikizo, hauliachii lirudi.

Magurudumu ya spoku yanataka heshima ya pekee. Yanakaa kwenye meno ya habu na kufungwa na nati moja kubwa ya katikati. Upande wa kushoto nati hufunguka kinyume na saa, upande wa kulia hufunguka kwa mwelekeo wa saa. Kwa maneno mengine, kila upande hufunguka kuelekea mbele ya gari. Habu zikibadilishwa pande, au akseli ikifungwa kimakosa, nati itajifungua yenyewe barabarani na gurudumu litatoka. Paka grisi kwenye meno, piga kwa nyundo ya shaba au ya risasi, na kagua tena baada ya mwendo mfupi. Ili kujua kama meno yamelika, inua gari, mtu akanyage breki, kisha tikisa gurudumu kulizungusha. Likicheza wakati habu imesimama, meno yamekwisha. Gonga spoku moja moja kwa kitako cha bisibisi, zilie sauti moja. Inayolia butu imelegea. Na ndani lazima pawe na tyubu pamoja na utepe wa kufunika vichwa vya spoku.

Kutu ni suala la uhai wa gari, kwa sababu bodi ndiyo chesisi. Nguvu ya gari la wazi iko kwenye sili, yale maboksi ya chuma chini ya milango yenye kuta kadhaa. Inua gari kwa jeki kwenye sehemu yake ya kando, kisha jaribu kufungua na kufunga mlango. Pengo la mlango likibana juu, bodi inapinda na sili zimeoza, hata kama rangi inang'aa. Kuzibadilisha, funga kwanza fito imara kuvuka nafasi ya mlango, vinginevyo gari litalala katikati na milango haitafunga tena. Chini ya tundu la hewa lililo mbele ya kioo kuna bomba la kutolea maji ya mvua. Majani hulijaza, maji yanajaa, sakafu ya miguu inalowa na watu wanalaumu turubai. Lizibue kila mwaka. Kwa aliyekata tamaa, British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza bodi mpya nzima za MGB tangu 1988, kwa mashine za asili.

Wenzake wana tabia tofauti. Triumph Spitfire inageuka katika nafasi ya mita 7.3 tu, inapita teksi ya London, lakini zile za kabla ya mwisho wa 1970 nyuma hujikunja chini ukiachia mafuta kwenye kona kali, na si jambo la kujaribu kwenye mvua. Triumph TR6 ya soko la Uingereza ina sindano za petroli za Lucas na pampu ndani ya buti inayopata joto na kupoteza nguvu tangi likiwa karibu tupu. Austin-Healey 3000 inapika miguu ya dereva, na ekzosi yake inakwaruza kila tuta. Lotus Elan ndiyo yenye usukani bora kuliko zote, bila ubishi kwa upande wangu, ila viungo vyake vya mpira kwenye fito za nyuma hujikunja na kuachia ukiondoka, na gari linarukaruka kama mwanafunzi ndiye anayeendesha. Hakuna kati yao linalosamehe na kupatikana vipuri kama MGB.

Anayetafuta la kuendesha hasa, na si la kuweka bandani, atafute la 1968 hadi katikati ya 1974: beringi 5, kilinganishi gia zote, ovadraivu, bampa za kromu. Yale ya bampa za mpira, yaliyoanza mwishoni mwa 1974, yaliinuliwa ili kutimiza sheria za Marekani na yanayumba zaidi kwenye kona. Kuanzia modeli ya 1977 yaliongezewa fito za kuzuia kuyumba mbele na nyuma, na hayo yanaendeshwa vizuri na bei yake ni ndogo. Wakati wa majira ya baridi, usiliwashe dakika tano bandani na kulizima, kwa sababu hiyo hujaza maji ekzosi na oili. Siku kavu isiyo na chumvi barabarani ikipatikana, litoe, endesha angalau kilomita 30 mpaka oili ipate moto, kanyaga breki mara kadhaa kwa nguvu, washa na kuzima ovadraivu, na ukirudi liache bila kuvuta breki ya mkono, gurudumu likiwa limezuiwa kwa kigingi, ili viatu vya breki visigande kwenye ngoma.